Mafunzo Niliyopata kwa Wabeba Boksi wa London

Kila baada ya muda napata ujumbe wa simu kutoka kwa kijana wa Kitanzania au wa Kikenya aliyefika ughaibuni, akawakuta wenzake wanadeki maofisi usiku kwa mshahara usiotosha nauli na kodi ya chumba, na sasa anataka "kuanzisha kitu". Simuulizi kwa nini. Mtu aliyekatwa saa zake na kuitwa kwa kidole na msimamizi hahitaji mimi nimweleze ubepari ni nini. Ninachoweza kumpa ni orodha ya mambo niliyoyavuruga, ili yeye avuruge mengine.

Niliishi London tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, nikibeba boksi kama wengine: kwanza ghalani, halafu usafi wa maofisi, halafu ulinzi wa usiku magoti yalipoanza kugoma kabla ya sisi wenyewe kugoma. Nilitoka Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kichwa kilichojaa maandishi ya Walter Rodney na Issa Shivji, nikiamini kwamba tabaka la wafanyakazi lilikuwa limekaa mahali likinisubiri. Sasa niko Morogoro, na haya ndiyo niliyorudi nayo.

1. Anza na hati ya mshahara

Kikao changu cha kwanza kilikuwa katika ukumbi mdogo wa kukodi Peckham, kusini mwa London. Nilikuwa nimeandaa mada kuhusu thamani ya ziada, yaani ile kazi ambayo mfanyakazi huifanya bila kulipwa, kurasa nyingi, pamoja na nakala za kugawa. Walikuja Watanzania wachache, Wakenya wawili watatu, mzee mmoja Mkongo wa Bukavu, na mama mmoja wa Kisumu aliyetoka zamu moja akingoja nyingine. Nikasoma. Mama akasinzia. Nikapandisha sauti. Nilipomaliza na kukaribisha maswali, akafumbua macho, akatoa karatasi kwenye mkoba akaniuliza: "Mwanangu, hapa wameandika saa ishirini na mbili. Mimi nimefanya thelathini. Hizo nyingine zimeenda wapi?"

Nikamjibu kwamba hilo ni jambo la mtu mmoja, tulizungumze baadaye, nje ya ajenda.

Nimeliandika jibu hilo kama lilivyokuwa ili unicheke vizuri. Mama ameniletea thamani ya ziada yenyewe, imechapwa kwa wino, ina nembo ya kampuni juu, nami namwambia haimo kwenye ajenda.

Aliyeniokoa ni yule mzee wa Bukavu. Alikaa na mama kwenye ngazi za nje, akageuza nakala ya mada yangu upande mweupe, akaanza kuandika: Jumatatu alianza saa ngapi, alitoka saa ngapi, nani alikuwepo. Kabla hawajamaliza, wengine nao walikuwa wamechomoa hati zao. Karibu kila mmoja alikuwa na saa zilizopotea, na zilipotea kwa namna ileile: dakika za kuvaa sare na kuchukua vifaa hazihesabiwi, na anayebaki kumalizia ghorofa ya mwenzake aliyeugua halipwi. Mpaka hapo kila mtu alidhani ni yeye peke yake anayeonewa, au ni yeye asiyejua hesabu.

Kuanzia siku hiyo kila kikao kilianza na hati za mishahara, na mada, kama ipo, ikafuata. Tulijifunza sheria kwa kulazimika. Wakati ule mfanyakazi wa Uingereza aliyekatwa mshahara alikuwa na miezi mitatu kasoro siku moja ya kuanza kudai kwenye baraza la usuluhishi wa kazi. Ukichelewa, basi tena. Julai 2013 serikali ikaweka ada: kudai mshahara uliokatwa kukawa kunagharimu mpaka pauni 390 kesi ikisikilizwa hadi mwisho. Nani atalipa pauni 390 kudai pauni themanini? Ada hiyo ilidumu miaka minne, hadi Mahakama ya Juu ilipoifuta Julai 2017 kwa kesi iliyofunguliwa na chama cha wafanyakazi cha UNISON. Katika miaka hiyo tulizoea kudai kwa njia nyingine: barua moja, sahihi za ghorofa nzima, mkononi mwa meneja mbele ya wateja wake. Ada ilikusudiwa kutunyamazisha, na badala yake ikatufundisha kutokwenda mahakamani mmoja mmoja.

2. Tazama saa kabla ya kutazama katiba ya kikundi

Tulikuwa tukikutana saa moja jioni, siku za kazi, kwa kuwa ndivyo vikundi vingi vya mrengo wa kushoto pale mjini vilivyofanya. Saa moja jioni ndiyo saa ambayo msafishaji anaingia kazini. Wenye suti wanatoka kwa mlango wa mbele, yeye anaingia kwa mlango wa mizigo. Kwa hiyo kikundi chetu cha wafanyakazi wahamiaji kikawa na wanafunzi, mhadhiri mstaafu, na ndugu mmoja Mwingereza aliyeuza gazeti la chama chake kila kikao kwa watu walewale waliokwisha kulinunua. Tulipitisha maazimio mazuri sana. Moja lilihusu Amerika ya Kusini nzima.

Wafanyakazi nilikuja kuwapata ndani ya basi. London basi ni rahisi kuliko treni ya chini ya ardhi, na siku za kazi saa kumi alfajiri treni zenyewe hazijaanza, kwa hiyo wasafishaji wote wa katikati ya jiji wanajazana kwenye mabasi ya usiku. Pale Elephant and Castle nilikuwa nikipanda kila siku na watu walewale: Wakolombia, Waekwado, Waghana, Wanaijeria, sisi wa Afrika Mashariki. Ghorofa ya juu watu wanalala, vichwa vimeegemea kioo. Chini wanazungumza. Nani kafukuzwa, jengo gani limebadilisha kampuni, msimamizi gani anataka apewe kitu kidogo ndipo akupangie saa nzuri. Nilisafiri na mkutano huo miaka, huku nikiwaza jinsi ya kuitisha mkutano.

Tukahamisha vikao kwenda Jumapili alasiri, watu wakitoka ibadani, chakula kikiwepo na watoto wakiruhusiwa. Kina mama walisema wazi: bila mtu wa kuangalia watoto hawaji. Mlezi aliyepangwa ni mimi. Niliudhika, nilijiona nimeshushwa cheo, kutoka mtoa mada hadi yaya. Lakini watoto hawana siri. Kwenye chumba kile cha rangi na karatasi nilijua baba gani amehamia kwa rafiki, mama gani anafanya kazi tatu, familia gani inalala wanne chumba kimoja. Sikupata kujua hayo nilipokuwa kwenye jukwaa.

3. Ukifika, kuna waliokutangulia

Kijana mmoja wa Kigoma alifariki kwa ghafla. Hakuwa na makaratasi, hakuwa na bima, na kusafirisha mwili hadi nyumbani ni maelfu ya pauni. Wakati huo sisi wanamapinduzi tulikuwa na deni la ukumbi, na mweka hazina wetu (sitamtaja, bado nipo hai) alikuwa akihifadhi fedha za kikundi kwenye boksi la viatu bila daftari.

Kamati ya msiba iliundwa usiku uleule, sebuleni kwa dada mmoja wa Tabata aliyekuwa akiongoza upatu wa wanawake. Mwenyekiti, mweka hazina, mtu wa ubalozi, mtu wa ndege, mtu wa kupika. Kila pauni iliandikwa jina na kusomwa kwa sauti, na anayeahidi bila kutoa alisomwa pia. Walichanga Wakristo na Waislamu, wenye nyumba zao na wanaolala kwenye makochi ya watu, Wakongo wenye likelemba yao, upatu wa kwao, Wakenya wenye chama chao. Kabla wiki haijaisha fedha zilitimia, na kilichobaki kilitumwa kwa mama wa marehemu, na risiti ikaonyeshwa.

Nilikaa kwenye kona ya sebule ile nikiona haya. Mimi niliyekuwa nikiandika kwamba jumuiya yetu "haijajipanga"! Ilikuwa imejipanga kuliko chama chochote cha kisiasa nilichowahi kuwa na kadi yake. Ila haikujipanga kwa ajili yangu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini harakati za mshahara wa kujikimu zilifanikiwa pale ambapo vijarida vyetu vilishindwa. Mashariki mwa London, muungano ulioitwa TELCO, ulioanzishwa mwaka 1996, ulikuwa umekusanya makanisa, misikiti, shule na matawi ya vyama vya wafanyakazi. Mwaka 2001 wakaanza kudai mshahara wa kujikimu, wakiyafuata mabenki makubwa ya Canary Wharf yaliyosafishwa na waumini wao wenyewe. Mwaka 2005 ofisi ya Meya ikatangaza kiwango cha kwanza cha London, pauni 6.70 kwa saa, wakati kima cha chini cha kitaifa hata baada ya kupandishwa Oktoba mwaka huo kilikuwa pauni 5.05. Wenzangu na mimi tuliwabeza mwanzoni. Mapadri, tulisema. Watu wa maombi na mazungumzo. Nao mapadri wakaleta pauni moja na nusu na zaidi kwa saa.

Dada wa upatu tulimwomba awe mweka hazina wetu. Alikubali kwa sharti moja: boksi la viatu litupwe. Alisoma hesabu kila mwezi mbele ya wote, pamoja na majina ya wadaiwa. Jina langu lilisomwa mara nyingi.

4. Usiandike usichokihitaji

Wakati mmoja nilikuja na fomu. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba kikundi makini huwa na kumbukumbu za wanachama, basi nikachora jedwali: jina, simu, anwani, kampuni, na safu ya mwisho, aina ya kibali cha kuishi nchini. Fomu ikaanza kuzunguka kutoka mwisho wa chumba. Nilikuwa nikizungumza, sikugundua mapema kwamba kila inapopita watu wanaacha kucheka. Mtu wa tatu aliishika muda mrefu kisha akampa wa nne bila kuandika. Ilipofika kwa mzee wa Bukavu aliikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa koti, akaniambia kwa upole kabisa: "Muzee, hii karatasi ikipotea njiani, itaenda kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Mle chumbani walikuwemo waliojilipua, yaani walioomba hifadhi kwa hadithi isiyo yao, waliopitisha muda wa viza, wanaofanya kazi kwa jina la binamu. Nilikuwa nimeandaa orodha ambayo Uhamiaji wangeilipia.

Kama unadhani ninatia chumvi, kumbuka SOAS, chuo cha London kinachofundisha Kiswahili. Wasafishaji wa pale, wengi wao wa Amerika ya Kusini, walikuwa wamepigania na kupata mshahara wa kujikimu na kutambuliwa kwa chama chao. Asubuhi ya tarehe 12 Juni 2009 waliitwa na mwajiri wao, kampuni ya kandarasi, kwenye kikao cha dharura cha wafanyakazi ndani ya chuo. Maofisa wa Uhamiaji walikuwa wamejificha wakiwasubiri. Tisa wakakamatwa. Wanafunzi waliikalia ofisi ya mkuu wa chuo kwa siku kadhaa kupinga, lakini baadhi ya wale tisa walikuwa tayari wamerudishwa makwao.

Tangu siku ya fomu ile tulikuwa na taratibu chache na hatukuzivunja. Hatuulizi makaratasi. Jina la kuitwa linatosha. Anayeongea na gazeti, anayesimama getini na bango, anayekabidhi barua kwa meneja, awe mtu ambaye Uhamiaji hawawezi kumpakia kwenye ndege. Na asiye na makaratasi akitaka kusimama mbele, aambiwe hatari yote bila kufichwa, halafu aamue mwenyewe.

Kilichonishangaza ni nani walioamua kusimama. Nilidhani wenye pasi nyekundu za Uingereza za wakati ule watakuwa majasiri na wengine watajificha. Mara nyingi ilikuwa kinyume. Mwenye makaratasi mapya ana mkopo wa nyumba, ana maombi ya uraia yanayosubiri, ana msimamizi aliyemwahidi kumpandisha. Asiye na kitu amekwisha kuvuka mengi. Lakini ujasiri wake usiufanye mtaji wako. Nimewaona wanaharakati wenye pasi zao mfukoni wakiwapigia makofi watu wanaokwenda kufungwa, kisha wakapanda basi kurudi nyumbani.

5. Mwenzako huenda ni yule uliyemwita mnyonyaji

Kaskazini-magharibi mwa London, eneo la Willesden, kulikuwa na kiwanda cha kusafisha picha kilichoitwa Grunwick. Agosti 1976 wafanyakazi walitoka kwa hasira ya kulazimishwa kufanya kazi za ziada, na mgomo ukaendelea hadi Julai 1978. Wengi wao walikuwa wanawake wa Kihindi, na sehemu kubwa walitoka Afrika Mashariki. Aliyewaongoza, Jayaben Desai, alizaliwa Gujarat na aliwahi kuishi Tanzania kabla ya kwenda Uingereza. Miaka miwili kabla ya hapo, 1974, Wahindi wengine waliotoka kwetu walikuwa wamegoma katika kiwanda cha Imperial Typewriters huko Leicester.

Nilisoma habari hizi nikiwa London tayari, na nikazipita haraka. Kichwani mwangu Mhindi wa Afrika Mashariki alikuwa mwenye duka. Mlimani tulikuwa tumemweka kwenye tabaka lake na kufunga faili.

Miaka mingi baadaye tulialikwa kwenye mkutano wa vyama vya wafanyakazi kule upande wa Wembley. Wakati wa chai nilikuwa nikimnong'oneza mwenzangu kwa Kiswahili kwamba wazee hawa hawatatusaidia lolote, wanangoja sambusa. Bibi mmoja mwenye sari ya kijani na sweta nzito juu yake akageuka. "Sambusa nimezipika mimi," akasema, "na wewe Kiswahili chako cha bara hicho. Mimi mtoto wa Tanga."

Nilitamani sakafu ipasuke. Yeye akacheka hadi akashika kiti. Akaniambia alikuwa akifanya kazi kiwanda kingine mwaka 1977, na alikwenda kusimama nje ya Grunwick kabla ya zamu, siku ambazo maelfu ya watu walijaa mtaani na polisi wakiwasukuma ukutani. Alinieleza jambo ambalo vitabu vyangu vilikuwa vimelitaja juujuu: kiwanda kile kiliishi kwa posta, wateja wakituma filamu na kurudishiwa picha kwa barua, na wafanyakazi wa posta wa Cricklewood walipokataa kuzigusa barua zake ndipo mwenye mali alipoanza kutetemeka. "Si kelele zetu," alisema. "Barua." Mgomo ule walishindwa, hawakurudishwa kazini. Hakuuelezea kama ushindi, wala hakuwa na huzuni nao.

Baada ya hapo tuliacha kujiita kikundi cha Waafrika Mashariki tu. Tulijaribu kuhesabu nani anasafisha jengo lipi, hata awe wa wapi, na kwenye majengo mengi tulikuwa wachache. Wengi walizungumza Kihispania. Vikao vikawa virefu mara mbili kwa sababu ya kutafsiri. Inachosha, sitakudanganya. Lakini kampuni ilikuwa na mazoea ya kuwapa Waafrika zamu za Walatino waliolalamika, na Walatino zamu za Waafrika, na mchezo huo ulikoma siku tulipokaa meza moja.

6. Siasa za nyumbani zitakuja na mizigo

Desemba 2007 Kenya ilipiga kura, na matokeo yakazua vurugu. Katika timu moja ya usafi walikuwemo yule mama wa Kisumu na dada mmoja wa Nyeri, waliosafisha ghorofa moja na kugawana chai ya chupa. Mwezi wa Januari, wakati zaidi ya watu elfu moja wanauawa na laki kadhaa wanakimbia makwao, wale wawili, ambao kwao walikuwa pande mbili za ugomvi, waliacha kusalimiana. Mama akaomba ghorofa nyingine.

Mimi nikaona ni wakati wa kutoa uongozi. Nikakaa usiku kucha nikaandika tamko: ukoloni, ardhi, tabaka tawala, ukabila kama silaha ya mabwanyenye. Yote ya kweli. Nikampelekea mama alisome kabla ya kulitoa. Akalisoma lote, akanirudishia. "Hili tamko lako litamfufua nani, mwanangu?"

Sikulitoa. Sina hakika mpaka leo kama nilifanya sawa, maana kuna vikundi ambavyo ukimya uliviua. Ninachojua ni hiki: mwezi Machi kampuni ilipunguza saa za timu nzima, na barua ya kupinga ilipopitishwa, majina ya wote wawili yalikuwemo. Dada wa Nyeri alisaini wa kwanza, na mama, alipoona sahihi ile, alikaa kimya kidogo, akasaini chini yake. Saa zilirudishwa. Hadi nilipoondoka London sikuwahi kuwaona wakigawana chai tena.

Kwa hiyo usidhani barua ya pamoja inaponya kila kitu. Inarudisha saa.

7. Fuata bahasha

Kuna haki ambayo wengi wetu tulikaa Uingereza miaka bila kuijua: raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola mwenye kibali cha kuishi nchini humo anaruhusiwa kupiga kura, ya udiwani na ya ubunge. Mtanzania, Mkenya, Mganda, na tangu 2009 Mnyarwanda pia. Mkongo na Mrundi, hapana. Tulipoijua, mimi ndiye niliyepinga kuishughulikia. Uchaguzi ni kiini macho cha mabepari, nilisema, kwa sauti ileile ya mada ya Peckham. Wenzangu hawakunisikiliza. Wakasimama nje ya makanisa na misikiti na fomu za kujiandikisha, na mwaka wa uchaguzi wa madiwani ulipofika, wagombea waliokuwa hawapokei simu zetu walikuja wenyewe kwenye kikao cha Jumapili. Halmashauri nazo huajiri kampuni za usafi, na diwani anayehitaji kura mia mbili husoma mikataba kwa makini.

Bahasha ya kura ya mgomo ilitufundisha kwa ukali zaidi. Sheria ya Uingereza ilitaka kura ya mgomo ipigwe kwa posta, karatasi itumwe nyumbani kwa mwanachama, na sheria ya 2016, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata, ikaongeza kwamba lazima angalau nusu ya wenye haki ya kupiga kura wawe wamepiga. Kwenye jengo letu kila mtu alitaka kugoma. Ungeweza kuwauliza kwenye lifti. Hatukuhangaika. Kura zilipohesabiwa, waliosema ndiyo walikuwa karibu wote, lakini waliopiga hawakufika nusu. Mgomo ukafa pale.

Nilikwenda Lewisham kwenye nyumba ya mwenzetu mmoja kuuliza kilichotokea. Kengele ya mlango ilikuwa na majina manane kwenye vipande vya plasta, mawili yamefutika. Ndani, sakafuni, rundo la barua za wapangaji waliohama, matangazo ya piza juu, na chini yake bahasha yetu, haijafunguliwa. Mwenyewe alikuwa amehamia Barking tangu Krismasi.

Tulitumia majira yote ya baridi yaliyofuata kufanya kazi isiyo na nyimbo wala bendera: kupiga simu, kugonga milango, kuandika upya anwani. Kila aliyehama alitakiwa kumwambia mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa na daftari lenye anwani na jina la kuitwa tu. Kura ya pili ilivuka nusu. Mgomo wenyewe ulikuwa mfupi, kwa kuwa kampuni ilikubali kulipa siku za ugonjwa kabla haujakolea. Hakuna aliyeandika makala kuhusu daftari lile.

Mambo yamebadilika. SOAS iliwarudisha wasafishaji wake kwenye ajira ya chuo mwaka 2018, kama ilivyofanya LSE baada ya migomo ya 2017. Vyama vidogo vilivyoanza kwa wafanyakazi wahamiaji, IWGB mwaka 2012 na United Voices of the World mwaka 2014, vinaendesha kesi na migomo ambayo vyama vikubwa vilisema haiwezekani. Ila ndani yake, nijuavyo mimi, wazungumzaji wa Kiswahili ni wachache. Kama uko London na umesoma mpaka hapa, tafuta tawi lililo karibu na kazini kwako wiki hii, jiunge, na uwaambie unaweza kutafsiri Kiswahili. Ukiwa Muscat au Doha mazingira ni mengine kabisa na hatari ni kubwa zaidi. Usiige hata moja kati ya haya bila kuwauliza kwanza wenyeji wa kazi ile.